Maharage Yenye Majina ya Watu

Kuna mtoto nilimfundisha kijijini Busunzu, wilayani Kibondo, aliyekuwa akisoma amepinda shingo. Ukimpa kadi ya herufi anaigeuza juu chini kwanza, kisha anaisoma vizuri kabisa. Nikadhani ana shida ya macho, nikampeleka zahanati. Daktari akamwangalia yeye, akaniangalia na mimi, akasema macho ni mazima. Siku nilipopita kwao kuomba maji ya kunywa ndipo nilipouona ukuta wao. Baba mtu alikuwa ameubandika magazeti ili udongo usimwagikie vitanda, na yale ya upande anaolala mtoto aliyabandika kichwa chini, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma. Mtoto alikuwa amejifunza herufi zote peke yake kwa kulala akiziangalia. Shida ni kwamba alizijua zikiwa zimesimama kwa vichwa.

Nimeanza na huyo kwa ajili yenu, walimu vijana mnaopangiwa darasa la awali mkanuna, na ninyi wazazi mnaonisimamisha njiani kuniuliza mtoto aanze kusoma lini. Mtoto ameshaanza. Alianza siku mliyomwimbia akiwa mgongoni, na siku aliyoiona kalenda ukutani akataka kuila. Kazi yenu ni kuangalia ameanzia wapi, na kutomharibia. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, na mimi ilinishinda miaka mingi nikiwa na cheti cha ualimu kabatini.

Sasa nimestaafu, nakaa Kasulu na migomba yangu, kahawa kidogo, na magoti yanayojua mvua kabla ya redio. Karibu miaka yangu yote ya kazi niliifanya Kibondo, katika darasa la awali, lile tulilokuwa tukiliita vidudu. Wenzangu wa darasa la saba walikuwa wakinitania kwamba serikali inanilipa kwa kufuta makamasi. Sikubisha. Diwani mmoja wa sasa nilimfuta makamasi kwa mikono hii, na akikutana nami sokoni anakuwa mpole ghafla.

Aliyenifundisha kazi ya watoto wadogo hakuwa hata mwalimu. Alikuwa Bi Zuhura, mwenye duka hapa Kasulu mjini, ambaye nilipanga chumba nyuma ya duka lake kabla sijapelekwa Kibondo. Wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi nikawa naona haya kumwomba chumvi. Alikuwa na mjukuu wa miaka minne aliyeshinda naye nyuma ya kaunta. Sikuwahi kumsikia akimfundisha a, e, i, o, u. Alikuwa akimtuma tu. Niletee boksi lenye herufi kama ya jina lako. Nihesabie mifuko yenye picha ya jogoo. Nenda kwa jirani, mwambie bibi anaomba kamba, anaomba ungo, na anauliza hali ya mgonjwa. Mtoto akirudi anaulizwa jirani kajibu nini, kaanza na lipi, kamalizia na lipi.

Mimi nilidhani mama wa watu anapenda umbea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtoto anayebeba maneno matatu kichwani toka nyumba hii hadi ile bila kuyamwaga, huyo ndiye atakayeibeba sentensi ya kitabu toka mwanzo hadi kwenye nukta. Siku hizi mnamwandikia mtoto karatasi apeleke dukani, au mnapiga simu kabisa. Mtumeni kwa mdomo. Akisahau kimoja, chekeni pamoja, kisha mrudisheni akakichukue.

Kama ningemsikiliza Bi Zuhura kwa makini, nisingefanya lile ninalotaka kuwasimulia. Mficha uchi hazai, basi niseme.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha ndicho nilichonyonya, na mpaka leo nikijikwaa kidole nalia kwa Kiha. Lakini pale shuleni kwetu Kibondo kulikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Mtoto akikutwa anaongea Kiha anavishwa shingoni, anazunguka nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ndipo anamvisha yeye. Kilikuwa cha madarasa ya juu. Mimi, kwa bidii zangu ambazo hakuna aliyeniomba, nikachongesha kibao kidogo cha watoto wangu wa miaka mitano na sita. Nilikipiga msasa ili kisiwachubue shingo, na hiyo nikaiona ndiyo huruma.

Kibao kilifanya kazi. Darasa langu lilitulia kuliko ofisi ya walimu. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Mateo, alikuwa mtu wa Singida asiyejua Kiha hata cha kuombea maji, na aliwaleta walimu wengine waje waone nidhamu ya vidudu. Nikavimba kichwa. Watu wanapenda kutuambia sisi walimu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nami nilikuwa nakunja kweli kweli, wala sikujiuliza kama samaki anaweza kukatika.

Katika darasa hilo alikuwemo mtoto wa kike aitwaye Devotha. Yeye hakuvaa kibao hata siku moja mwaka mzima, kwa sababu hakusema neno hata moja mwaka mzima. Nikiita jina lake ananyoosha kidole. Akitaka kwenda chooni anasimama mlangoni mpaka nielewe. Nilijaribu picha, nikajaribu pipi, nikajaribu ukali. Mwaka ulipokaribia kuisha nikajaza orodha ya wanaokwenda darasa la kwanza, na mbele ya jina lake nikaandika: hasemi, hajui herufi, arudie awali. Nikaipeleka kwa mkuu, nikaenda kunywa chai.

Siku chache baadaye mama yake akanisubiri njiani nikitoka shule. Alikuwa mkulima, mwanamke mwenye haya, na alianza kunieleza kwa sauti ya chini huku akiangalia jembe lake. Mume wake amesikia kwamba mtoto anarudia. Amesema katika nyumba yake hakuna mtoto wa kurudia vidudu. Dada yake aliyeolewa Munanila amejifungua, anataka mtoto wa kumsaidia kulea, na Jumamosi baada ya shule kufungwa atakuja kumchukua Devotha. Mnajua mambo hayo yanavyokwenda. Mtoto wa kike wa miaka sita akishapewa mtoto wa kumbeba mgongoni, shule inakuwa ya wengine.

"Mwalimu, huyu mwana nyumbani anaongea mpaka ananichosha," mama akaniambia. "Njoo umsikilize mara moja tu. Usipomsikia, basi aende."

Nilimkubalia, ingawa moyoni nilisema ni uchungu wa mama. Mzazi gani atakwambia mwanawe hajui kuongea?

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Ila kabla sijawaingiza uani, niwaeleze kidogo salamu zetu, kwa wale mlioletwa huku na ajira. Muha akimsalimia mtu anayemheshimu huinama kidogo na kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito, huku maneno ya salamu yakiendelea. Salamu ya kweli haina haraka. Wageni huwa wanadhani tumeanza ngoma.

Basi nikakaribia ua nikasikia makofi hayo, na sauti ya mtoto. Nikasimama nyuma ya migomba nikachungulia, jambo ambalo mwalimu hapaswi kufanya lakini walimu wote tunalifanya. Devotha na mama yake walikuwa wamekaa mkekani na ungo wa maharage, wanachambua. Kila harage bovu alilolipata, mtoto alilipa jina la mtu wa ukoo wao. Analisalimia kwa Kiha kwa heshima zote, analipigia makofi, kofi moja kwa kila kipande cha jina, halafu analitupia kuku. Baba mkubwa alipata makofi matatu akaliwa. Mjomba mmoja mwenye jina refu alipata manne, na mama akasema huyo umempunja. Mtoto akalirudia jina polepole, akaona kweli kuna kipande kilichobaki, akaongeza kofi la tano. Kuku wakamsubiri mjomba.

Mimi mwaka mzima nilikuwa nimesimama ubaoni na fimbo, ma, me, mi, mo, mu. Na huyu niliyemwandika hajui kitu alikuwa anayakata majina ya Waha, ambayo hata makarani wanayaogopa, vipande vipande bila karatasi.

Kisha akaokota harage kubwa lililotobolewa na wadudu kila upande. Akaliangalia kwa muda. Akalipigia makofi manne, polepole kuliko yote yaliyotangulia.

"Mwalimu Adelina, mwakeye," akaliamkia. Yaliyofuata nayatoa katika Kiha: "Leo usinivalishe kibao. Nitakaa kimya."

Hilo hakuwatupia kuku. Aliliweka peke yake ukingoni mwa ungo, akaendelea na mengine.

Wanangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilitaka kugeuka nirudi nyumbani. Sikuwahi kumvisha mtoto yule kibao. Alikuwa amewaona wenzake wakikivaa, na hiyo ikamtosha kufunga mdomo mwaka mzima. Na aliyemfunga hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa kabila lake, anayeota ndoto kwa lugha ile ile.

Niliingia uani nikapiga makofi, nikamsalimia mtoto kwa Kiha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akakimbilia nyuma ya mama yake. Sikumwita. Nilikaa mkekani, nikavuta ungo, nikaokota harage bovu nikalipa jina la shemeji yangu mmoja ninayemfahamu vizuri, na nikampunja kofi moja makusudi. Kimya. Mama naye akanyamaza, Mungu ambariki, kwa sababu kumnyamazia mtoto afikiri ni kazi inayowashinda hata wenye digrii. Baada ya muda nikasikia kutoka nyuma ya kitenge cha mama kofi moja dogo. Lile lililopungua.

Jumatatu niliwaambia watoto wangu kwa Kiha kwamba mwalimu amekosea, na kibao hakitavaliwa tena. Hawakuniamini. Mmoja akaniuliza, kwa Kiswahili safi kabisa, kama basi sasa nitakivaa mimi. Lilikuwa swali la haki. Nikakivaa mpaka saa ya uji, kisha nikakisukuma jikoni chini ya sufuria, na mpishi akasema mbao hiyo inawaka vizuri.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu shule ifungwe. Kila mtoto nilimwambia aje na kiganja kimoja cha maharage kutoka nyumbani. Tulianza na majina yetu, tukiyapigia makofi ya salamu. Kisha nani jina lake linaanza kama la Devotha? Kisha tunaiandika sauti hiyo mkekani kwa maharage, tunaifuata kwa kidole, tunaitaja kwa neno la Kiha, halafu kwa neno la Kiswahili. Sauti ni ile ile na herufi ni ile ile, hakuna lugha inayomwibia nyingine. Jioni maharage yanarudi nyumbani na kuingia chunguni.

Ushauri wa bure: hesabuni maharage kabla na baada. Mtoto wa miaka mitano akipewa harage, wazo lake la kwanza ni pua. Nimerudi zahanati ile ile kwa sababu hiyo, na daktari yule yule akaniangalia kwa namna ile ile.

Na si lazima yawe maharage. Kibondo nzima kuna makopo ya mafuta ya kula yaliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, yamejaa herufi kubwa za rangi, na watu wanayatumia kuoteshea vitunguu. Mwulize mtoto kopo lipi lina herufi ya jina la mama. Mnapopika, mwambie asimulie ugali unavyosongwa, kipi kilitangulia, kipi kilifuata. Mkitembea kwenda shambani, mwandikie njiani kwa kijiti na mwache naye aandike mikunjo yake, kisha mwulize kaandika nini, na akikusomea, itikia kwa adabu. Mwimbieni. Msimulieni hadithi kwa lugha mnayoijua vizuri, hata kama mnadhani ni ya kishamba. Lugha ya kuchekea ndiyo ya kuanzia kusomea.

Turudi kwa Devotha. Darasa langu lilianza kupiga kelele, na Mwalimu Mateo hakuchelewa kuja. Aliniita pembeni akaniambia shule ni ya Kiswahili, wakaguzi wakipita wataniandika mimi na yeye pamoja. Nikamjibu kwamba Kiswahili watakijua, lakini mtoto asiyesema chochote hawezi kukisema hata hicho. Tukabishana kwa heshima, nikamweleza habari za Munanila na Jumamosi inayokuja. Alikuwa mkali, ila hakuwa mtu mbaya. Akasema Ijumaa, siku ya kufunga, atamjaribu mtoto mwenyewe. Akishindwa, orodha inabaki kama ilivyo.

Zile siku sikulala vizuri. Devotha alikuwa ameanza kunong'ona, lakini kwa Kiha na kwangu tu.

Ijumaa nikamwingiza ofisini. Mkuu akamwuliza kwa Kiswahili anaitwa nani. Kimya. Akamwuliza ana miaka mingapi. Kimya, na macho yakaanza kutafuta mlango. Mkuu akaishika kalamu. Hapo nikafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ualimu: nilikaa sakafuni katikati ya ofisi ya mkuu wa shule na ungo wa maharage mapajani, nikamwambia mtoto kwa Kiha amsalimie mwenye nyumba.

Devotha akainama juu ya ungo. Alitafuta kwa muda mrefu sana, akitoa moja akirudisha jingine, mpaka akapata lenye matundu kuliko yote. Akalipigia makofi matatu. Ma-te-o. Kisha, bila mimi kumwambia, akachukua mengine akayapanga sakafuni moja baada ya jingine, polepole, mpaka ikasimama herufi ya kwanza ya jina la mkuu. Hakuigeuza wala hakuipindisha.

Mkuu aliinuka, akazunguka meza, akaja kuisomea juu ya kichwa cha mtoto. Akaniuliza kwa nini kachagua lile harage kuwa yeye. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilimdanganya mkuu wa shule. Nikasema kachagua lililo kubwa kuliko yote.

Alifurahi. Halafu akaivuta ile orodha, akaisoma, akakunja uso.

"Hili la hasemi, nani aliliandika?"

"Ni mimi, Mwalimu Mkuu."

"Basi lifute mwenyewe," akasema, akanipa kalamu yake.

Nililifuta mbele ya mtoto. Jumamosi shangazi alifika kutoka Munanila, akala, akalala, na Jumapili akarudi na debe la maharage badala ya mtoto. Baba mtu alinuna siku mbili. Siku ya tatu watu walimsikia kilabuni akijisifu kwamba binti yake ameandika jina la mkuu wa shule sakafuni ofisini kwake.

Mimi lakini sikuwa na amani bado. Sakafu ya ofisi ni siku moja, darasa la kwanza ni mwaka, na huko asingekuwepo mtu wa kukaa naye chini na ungo. Likizo yote nilijiuliza kama nimemsaidia au nimempeleka kwenye kimya kingine.

Januari, wiki ya pili ya masomo, nilikuwa ofisini nakunywa chai. Mwalimu wa darasa la kwanza, kijana aliyetoka chuo juzi juzi, akaingia chaki mkononi, amechoka kabla ya saa nne.

"Madam," akaniambia, "huyu Devotha uliyenipa. Tangu asubuhi nimemwambia anyamaze mara nne."

Nikaweka kikombe mezani.

"Mara ya tano usimwambie, mwanangu," nikasema. "Alishanyamaza mwaka mzima, na aliyemnyamazisha ni mimi."